Kulea si Kufuga: Tafakuri juu ya Vyuo vya Kandanda vya Watoto

Walimu wenzangu, swali ninalotaka tulipime pamoja katika makala haya nililetewa na mwanafunzi, nami siku ile sikuweza kulijibu. Mwanafunzi huyo alikuwa mvulana wa darasa la sita katika shule moja ya msingi ya mashariki ya Uganda, nilikokuwa nikifundisha Kiswahili. Hakuwa hodari wa sarufi, lakini mpira ulipokuwa miguuni mwake hata wapita njia walisimama kando ya uwanja wakatazama. Alipotimiza miaka 12 walikuja watu wa klabu moja, wakazungumza na baba yake jioni moja, na kabla ya juma kwisha mtoto akachukuliwa kwenda mji mkuu kulelewa katika chuo cha kandanda cha klabu hiyo. Sisi walimu tulifurahi. Mwalimu mkuu alimtaja mbele ya shule nzima kuwa ni fahari yetu, nami kwa mkono wangu nikalikata jina lake katika daftari la mahudhurio kwa wino mwekundu.

Baada ya miaka minne alirudi. Nilimkuta asubuhi moja amesimama mlangoni pa ofisi ya walimu, amevaa fulana ya mazoezi iliyochakaa, nembo ya klabu imeanza kubanduka kifuani. Alinipa shikamoo, nikaitikia, nikamwuliza habari za huko atokako. Alisema wamemrudisha kwa sababu hakurefuka. Kisha akauliza, "Mwalimu, sasa nirudi darasa la ngapi?"

Wenzake aliokuwa nao dawati moja walikwisha kuingia sekondari. Yeye, kwa miaka minne, hakushika kalamu ila kwa kutia sahihi. Swali lake lilikuwa dogo, la mtu anayetaka kujua aketi wapi; lakini ndani yake mlikuwa na swali kubwa zaidi. Je, mtu ana haki gani ya kumchukua mtoto wa mwenzake akamkuza kwa ajili ya kipawa kimoja tu, na kipawa hicho kisipotimia akamrudisha kama chungu kilichopasuka? Wala swali hilo halina upande mmoja. Waweza pia kuulizwa: je, ni haki kumnyima mtoto mwenye kipawa nafasi ya kukikuza, ati kwa kuwa huenda akashindwa?

Ili tusilihukumu jambo tusilolijua, hatuna budi kwanza kutazama jinsi vyuo hivi vifanyavyo kazi.

Mjini Barcelona, nchini Hispania, ipo nyumba ya kale ya shamba iliyojengwa mwaka 1702, kando ya uwanja mkubwa wa klabu ya mji huo. Watu huiita La Masia. Mwaka 1979 klabu iliifungua nyumba hiyo kuwa bweni la vijana waliotoka mbali, nao wakaishi humo hadi mwaka 2011 walipohamishiwa jengo jipya nje kidogo ya mji. Jina la nyumba ya kale likawafuata. Mtoto wa La Masia huenda shule kama watoto wengine, na jioni huenda mazoezini. Huko hafundishwi kwanza kupiga mpira kwa nguvu, wala hazungushwi uwanja kama askari. Huwekwa katika duara pamoja na wenzake. Mmoja au wawili husimama katikati na kuusaka mpira, na walio ukingoni hupasiana kwa mguso mmoja au miwili, bila kuwapa walio kati nafasi ya kuugusa. Zoezi hilo laonekana kama mchezo wa watoto. Waama ni somo zito: humfundisha mtoto kutazama pande zote kabla mpira haujamfikia, ili ufikapo miguuni awe amekwisha kujua utakakokwenda. Tena timu zote za klabu, kuanzia ya watoto wadogo hadi ile kuu, hucheza kwa mtindo mmoja, hata kijana akipanda ngazi asijione amehamia nchi ya wageni.

Klabu ya Ajax ya mji wa Amsterdam, Uholanzi, ilitangulia katika njia hiyo. Uwanja wa vijana wake waitwa De Toekomst, maana yake Mustakabali, na kwa miaka mingi watoto walipimwa huko kwa mambo manne: ufundi wa mpira, busara ya mchezo, tabia na kasi. Tuone kwamba katika manne hayo, nguvu za mwili hazikutajwa, na tabia imetajwa. Matunda ya malezi hayo yalionekana tarehe 24 Mei, 1995, mjini Vienna, Ajax ilipoishinda AC Milan ya Italia bao 1 kwa 0 katika fainali ya ubingwa wa klabu za Ulaya. Aliyefunga bao hilo, Patrick Kluivert, alikuwa na miaka 18 tu, naye alilelewa na klabu hiyo tangu utoto.

La Masia nayo ilivuna. Mwaka 2010 wachezaji watatu waliobakia katika kuwania tuzo ya mchezaji bora wa dunia, yaani Lionel Messi, Andrés Iniesta na Xavi, wote walikuwa wana wa nyumba hiyo moja. Na tarehe 25 Novemba, 2012, katika mechi na Levante, ilifika dakika ambapo wachezaji wote 11 wa Barcelona waliokuwa uwanjani walikuwa wamepitia mikononi mwa walimu wa La Masia.

Asidhani mtu kuwa hekima hii ni ya Ulaya pekee. Mjini Abidjan, nchini Côte d'Ivoire, klabu ya ASEC Mimosas ilianzisha chuo chake mwanzoni mwa miaka ya 1990, katika kituo chake cha Sol Béni, chini ya mkufunzi Mfaransa Jean-Marc Guillou. Watoto walichujwa kwa uangalifu, wakakaa bwenini, wakafundishwa masomo ya darasani pamoja na mpira. Mwaka 1999 wachezaji wakuu wa klabu walikuwa wamekwisha kuondoka baada ya kutwaa ubingwa wa Afrika, na katika mechi ya kuwania Kombe la Supa la Afrika klabu ikawapanga vijana wa chuo. Wapinzani wao walikuwa Espérance ya Tunis, watu wazima wenye uzoefu. Vijana wakashinda 3 kwa 1. Miongoni mwa waliolelewa katika chuo hicho ni ndugu wawili, Kolo Touré na Yaya Touré, ambao majina yao yalijulikana baadaye hata vijijini kwetu.

Basi vyuo hivi si ulaghai. Vina elimu ndani yake, na elimu hiyo ni ya kweli. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji, na mfinyanzi ajuaye kazi hangoji ukauke. Mtoto wa miaka tisa hujifunza kuutuliza mpira kama ajifunzavyo lugha ya mamaye, bila kuhesabu kanuni; mtu wa miaka ishirini hujifunza kama sisi tulivyojifunza lugha za kigeni, kwa jasho na kwa makosa yasiyokwisha. Anayetaka ustadi wa juu kabisa sharti aanze mapema. Hili ni kweli kwa mpiga kinanda, kwa mchonga vinyago, na kwa mtoto wa pwani anayefunzwa kuendesha mashua. Hapana mtu aonaye haya kwamba fundi seremala amempokea mwanagenzi wa miaka kumi na mitatu. Kwa nini basi tuone haya juu ya mpira?

Tofauti iko katika hesabu. Tangu mwaka 2001 kanuni za shirikisho la kandanda la dunia, FIFA, zinaagiza kwamba mchezaji akinunuliwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake haujaisha, sehemu 5 katika kila 100 za fedha hizo zigawiwe klabu zilizomfundisha tangu alipokuwa na miaka 12 hadi 23. Kila mwaka wa umri wa 12 hadi 15 hupata sehemu 5 katika 100 za fungu hilo, na kila mwaka wa umri wa 16 hadi 23 hupata sehemu 10. Tuchukue mfano. Mchezaji akiuzwa kwa shilingi milioni 100, milioni 5 zitatengwa. Na klabu ya mtaani iliyomlea tangu miaka 12 hadi 15 itapata sehemu 20 katika 100 za milioni hizo tano, yaani shilingi milioni moja. Mimi siilaumu kanuni hii. Ina uadilifu ndani yake, maana humkumbuka mlezi wa kwanza ambaye aghalabu husahauliwa. Hata hivyo yatufunza jambo moja: tangu siku anapotimiza miaka 12, mtoto huyu ana ukurasa katika daftari la mapato. Mwanagenzi wa seremala, akihitimu, huondoka na randa yake, wala hapana mtu amwuzaye. Kijana wa kandanda, akihitimu, huwa yeye mwenyewe ndiye bidhaa.

Hapa sisi walimu wa lugha tuna la kusema, kwa maana lugha yetu imekwisha kuipima tofauti hii zamani. Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo mgeni aweza kudhani ni kimoja: kulea na kufuga. Vyote viwili ni kulisha, kulaza, kukinga na maradhi na kungoja kiumbe kikue. Lakini mtoto hulelewa, mbuzi hufugwa. Na atakayesema kwamba anafuga watoto, watu watamcheka au watamkasirikia. Kwa nini? Si kwa sababu mfugaji ni mkatili. Mfugaji mwema huweza kukesha na ndama mgonjwa kuliko baba mzembe anavyokesha na mwanawe. Tofauti ni kwamba afugaye amekwisha kujua mwisho wa mfugo wake kabla ya mwanzo wake: huyu wa maziwa, huyu wa nyama, huyu wa kuuzwa mnadani. Mfugo ukishindwa kutimiza lile ulilofugiwa, hauna dai lolote juu yake. Aleaye hajui mwanawe atakuwa nani. Humlea vivyo hivyo, na mtoto akigeuka kuwa asivyotarajiwa, dai lake juu ya mlezi halipungui hata chembe.

Tutazame na neno kipawa. Asili yake ni kupawa, yaani kupewa. Kipawa ni kitu ambacho mtu amepewa. Klabu haikukitoa, ilikikuta. Kazi yake ilikuwa kukitunza na kukinoa, kama mtu aliyewekewa amana. Na mwenye kuwekewa amana aweza kulipwa ujira wa utunzaji wake, lakini hawezi kusema kuwa mali ni yake, sembuse kusema kuwa mwenye mali ni wake.

Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, aliyefariki mwaka 1804, alishikilia kwamba kosa si kumtumia mtu, kwa kuwa wanadamu wote hutumiana: mimi humtumia mshoni wangu naye hunitumia mimi. Kosa ni kumtumia mtu pasipo kumhesabu kuwa naye ana makusudi yake mwenyewe. Kwa kipimo hicho klabu inayotaka faida haijatenda dhambi kwa kutaka faida. Dhambi huanza pale faida inapokuwa ndiyo sababu pekee ya kumjali mtoto, hata ikitoweka, kujali nako kutoweke.

Tumchukue Messi mwenyewe. Alifika Barcelona kutoka Rosario, Argentina, mwaka 2000, akiwa na miaka 13, mfupi kupita kiasi kwa sababu mwili wake ulipungukiwa na homoni ya kukuza. Klabu ilikubali kugharimia matibabu yake. Tendo hilo ni jema, na dunia nzima ilifaidi. Lakini mwenye kutafakari atauliza: je, mtoto wa kipawa cha wastani, mwenye maradhi yale yale, angalitibiwa? Kama jibu ni hapana, basi kilichotibiwa ni mguu wa kushoto wa Messi. Na yule mtoto mwenye mguu huo alibahatika kuwa karibu. Nilipolifikiri jambo hili nilimkumbuka mwanafunzi wangu, ambaye naye hakurefuka, wala hapana aliyemwita daktari.

Najua majibu yatakayotolewa, nami sitaki kuyapita kando.

La kwanza ni kwamba mtoto mwenyewe alitaka, na mzazi aliridhia. Ni kweli. Lakini ridhaa ni kitu kinachotegemea ujuzi. Mzazi anayeambiwa habari za mmoja aliyefika Ulaya, asiambiwe habari za wengi waliorudi nyumbani, hajaridhia, amevutwa. Na mtoto wa miaka 12 akiulizwa kama ataka kucheza mpira kutwa kucha, kwa nini aseme hapana? Hata sisi tungaliulizwa umri huo kama twataka kuacha hesabu, tungalijibu upesi. Ndiyo maana mtoto akapewa walezi: wamtakie yale asiyoweza bado kujitakia.

La pili ni kwamba aliyeshindwa hakupoteza kitu, kwa maana amepata nidhamu, afya na ushirikiano. Jibu hili lina ukweli, lakini ni ukweli wa masharti. Nidhamu ya kuamka alfajiri ni mali njema kwa mtu mwenye pa kwenda. Aliyeacha shule darasa la sita akarudi ana miaka 16 amepoteza miaka minne ambayo haina fidia sokoni.

La tatu ndilo zito kuliko yote: kwamba kuchuja ni lazima. Timu ina nafasi 11, na watoto ni maelfu; asiyefaa sharti aambiwe. Nakubali. Lakini anayechuja na awe mnyenyekevu, kwa sababu chujio lake lina matundu asiyoyaona. Uchunguzi uliofanywa katika nchi nyingi umeonyesha kwamba katika timu za watoto zilizochujwa, waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka wa kuwagawa huwa wengi kupita kiasi, na waliozaliwa miezi ya mwisho huwa wachache. Sababu yake si nyota. Mtoto aliyezaliwa Januari na aliyezaliwa Desemba ya mwaka huo huo huwekwa kundi moja. Wakiwa na miaka tisa, huyu amemzidi yule karibu mwaka mzima wa kukua. Kocha huona nguvu na mbio, akadhani ameona kipawa, kumbe ameona kalenda. Kisha aliyechaguliwa hupata mafunzo bora, akazidi kuwa bora, na kocha akajisifu kwamba jicho lake halikosi. Katika England, ambako mwaka wa kuwagawa watoto huanza Septemba, Harry Kane, aliyezaliwa Julai, aliachwa na Arsenal kabla hajafikia miaka kumi. Mwezi wa Machi 2023 mtu huyo huyo aliwapita wote waliowahi kuifungia mabao timu ya taifa ya nchi hiyo. Kupata si kwa werevu, na kukosa si ujinga: methali hii yafaa iandikwe juu ya mlango wa kila chuo cha kandanda, upande wa ndani na upande wa nje.

Kwamba hatari ninayoisema si ya kubuni, watungaji wa sheria za mchezo wenyewe wamekiri. Tangu mwaka 2001 FIFA imekataza mchezaji aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi hadi nchi, isipokuwa kwa masharti machache. Mwezi wa Aprili 2014 Barcelona yenyewe, klabu ya La Masia tuliyoisifu, iliadhibiwa kwa kuwasajili watoto wa nchi za nje kinyume cha kanuni hiyo, ikazuiwa kusajili wachezaji kwa vipindi viwili. Na miongoni mwa masharti hayo limo moja ninalotaka walimu wenzangu walisikie vizuri. Kijana wa miaka 16 au 17 anaweza kuhamia nchi nyingine ndani ya Umoja wa Ulaya ikiwa klabu imempokea kwa ahadi ya kumpa, zaidi ya mafunzo ya mpira, elimu ya shule au ya ufundi itakayomwezesha kushika kazi nyingine endapo ataacha kandanda. Maneno hayo yameandikwa, nayo ni mazuri. Basi naomba niulize: jambo ambalo ni haki ya kijana wa miaka 16 anayetoka Ureno kwenda Ufaransa, kwa nini lisiwe haki ya mtoto wa miaka 12 anayetoka kijijini kwenda Kampala, Bujumbura au Lubumbashi? Je, utu wake hupungua kwa kuwa hakuvuka mpaka?

Wala haiwezi kusemwa kwamba masharti hayo ni anasa ya matajiri. Katika mtaa wa mabanda wa Mathare, mjini Nairobi, chama cha michezo cha vijana kilianzishwa mwaka 1987, na kanuni yake moja iliwashangaza wengi: timu hupata pointi kwa kushinda mechi, na hupata pointi vilevile kwa kusafisha mtaa wake, kuzoa taka na kuzibua mitaro. Vijana wanaojitolea kwa wenzao husaidiwa karo za shule. Mtu angalisema, hapo pana huruma, lakini hapana kandanda. Kumbe kutoka katika chama hicho ilizaliwa mwaka 1994 klabu ya Mathare United, na mwaka 2008 klabu hiyo ikawa bingwa wa ligi ya Kenya. Kijana wa Mathare ambaye hakufika ligi kuu alibaki na shule yake, marafiki zake na mtaro alioutengeneza kwa mikono yake. Huyo alilelewa.

Mpaka hapa nimesema kama mtu anayewanyooshea wengine kidole. Sasa sina budi kuurudisha mkono kifuani pangu.

Mwezi wa Machi 1967, katika maandiko yake juu ya elimu ya kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alililaumu jambo ambalo sisi walimu wa Afrika ya Mashariki tulikuwa tumelizoea. Alionyesha kwamba shule za msingi zilikuwa zikiwatayarisha watoto kwa ajili ya sekondari, ambayo wengi wao hawangeiona, hata wale wengi wakaondoka wakijihesabu wameshindwa. Alitaka elimu ya shule ya msingi iwe kamili peke yake, imfae mtoto hata kama hatapanda ngazi nyingine. Tangu hapo imepita zaidi ya nusu karne. Nasi, ndugu zangu, tumefanyaje? Huku kwetu mtoto hufundishwa miaka saba kwa ajili ya mtihani wa mwisho wa darasa la saba, na jina la aliyepata alama za juu hutangazwa gazetini pamoja na picha yake. Aliyekosa hatujui amekwenda wapi. Kocha anayemwacha mtoto kwa kuwa hakurefuka, na mwalimu anayemsahau mtoto kwa kuwa hakupasi, wamekaa kibaraza kimoja.

Ndiyo maana nakumbuka ule wino mwekundu. Klabu ile haikuniamuru nilikate jina la mvulana. Nililikata kwa furaha, kwa kuwa nami nilimwona kuwa ni miguu yenye mpira. Na miguu ikiisha kuondoka, sikuona kwamba kuna mwanafunzi aliyebaki mikononi mwangu. Nisingeweza kumzuia baba yake. Lakini ningeweza kuuliza atasoma wapi. Ningeweza kumwandikia barua kwa Kiswahili na kumtaka ajibu kwa Kiswahili. Sikuuliza, wala sikuandika.

Kwa hiyo kipimo ninachokipendekeza hakihitaji falsafa nyingi. Ukitaka kujua kama chuo fulani cha kandanda chalea au chafuga, usiende siku ya kutwaa kombe; nenda siku ya kumwaga mtoto aliyeachwa. Tazama mambo matatu. Je, masomo yake yaliendelea kila mwaka, hata aweza kuketi darasani pamoja na wa umri wake? Je, yeye na wazazi wake waliambiwa ukweli tangu mwanzo, tena kila mwaka, kwamba wengi huachwa na wachache hufika? Na je, yuko mtu mzima aliyefuatana naye hadi kwao, akaketi na wazazi, akawaeleza kwa heshima, na akarudi kumtazama baada ya miezi michache? Chuo kinachoweza kujibu ndiyo mara tatu kinastahili kupewa watoto wetu, hata kama hakijatoa nyota hata mmoja. Kisichoweza, hata kikitoa nyota kumi, ni zizi lenye nyasi nzuri.

Na kipimo hicho hicho tukipeleke mlangoni pa shule zetu.

Mvulana yule tulimpokea darasa la saba. Alikaa muhula mmoja, akaona haya kuwa mkubwa kuliko wenzake, akaacha. Siku hizi hutengeneza baiskeli karibu na soko, na kazi yake ni safi. Nikipita hunipa shikamoo, nami huitikia, na hajaniuliza tena lile swali. Laiti angeliniuliza, leo ningalimjibu kwamba darasa lilikuwa lake siku zote, na jina lake halikustahili kukatwa.